Mshumaa wa glasi huharibikia chini

Mara ya kwanza nilipokwenda Kariakoo kutafuta tambi, nilipewa pakiti ya kupika. Sikuweza kumlaumu muuzaji. Utambi ukiwa mmoja ni wa taa. Zikiwa nyingi ni tambi, na tambi kwa watu wengi ni zile za sukari na iliki zinazopikwa kwa ajili ya futari. Nikajieleza upya: za mishumaa, mzee wangu, za pamba. Akanielekeza kwa jirani yake anayeuza vipuri vya majiko ya mchina. Huko zilikuwepo, lakini nene kama kidole cha mtoto, za kunyonya mafuta ya taa. Mwisho nilinunua kibunda cha uzi wa pamba, nikarudi zangu Tabata kusuka nyuzi tatu tatu kama anayesuka mabutu.

Shughuli haikuwa yangu. Mdogo wangu alikuwa amepokea oda ya mishumaa 60 ya glasi kwa ajili ya sendofu, kila mgeni aondoke na mmoja kama kumbukumbu. Mimi nilikuwa kibarua tu. Tuliyeyusha nta, tukatia harufu ya mchaichai, tukamimina, tukafunga utepe. Ilipendeza hata tukaipiga picha. Mmoja alibaki kwangu kwa sababu utepe wake ulikatika.

Nilikuwa nikiuwasha umeme unapokatika, na usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu moto ulisimama wima katikati ya glasi. Usiku wa tano, nta ikiwa imebaki kama upana wa vidole viwili na yote imeyeyuka mithili ya mafuta ya kupikia, kile kibati kinachoshika utambi kule chini kikaachia. Utambi ukaanza kutembea. Uliteleza taratibu, ukaegemea ukuta wa glasi, ukaendelea kuwaka pale pale huku ukipaka masizi. Nikiwa bado nawaza niushike na nini, glasi ikalia tik. Nta ikamwagika juu ya kitambaa cha meza alichoshona mama. Sikuungua, na moto ulizimika wenyewe, lakini sikulala vizuri. Mishumaa mingine 59, iliyotengenezwa siku ile ile na mikono ile ile, ilikuwa majumbani kwa watu.

Tangu hapo nina tabia mpya. Dukani wenzangu wanainua mishumaa ya glasi na kunusa juu. Mimi naigeuza na kutazama chini. Rangi, harufu na lebo ni mambo ya juu. Usalama wa mshumaa wa glasi uliamuliwa kwenye kitako chake, kabla tone la kwanza la nta halijamiminwa.

Mshumaa mweupe wa kawaida, ule wa pakiti tunaoununua dukani kwa Mangi, hauna taabu hii. Sababu yake aliieleza vizuri Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, katika mihadhara sita kuhusu mshumaa aliyowapa vijana pale Royal Institution jijini London, msimu wa Krismasi wa mwaka 1860 kuingia 1861. Moto unapowaka, alisema, hewa hupanda pembeni mwa mshumaa na kuupoza ukingo wake. Katikati nta inayeyuka, ukingoni inabaki ngumu, na kwa njia hiyo mshumaa unajichongea kikombe chake wenyewe. Kisha akaonyesha jinsi mafuta yanavyopanda utambi: alisimamisha nguzo ya chumvi kwenye sahani yenye maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya buluu, na wasikilizaji wakaiona rangi ikikwea yenyewe.

Katika mshumaa wa namna hiyo utambi umezikwa ndani ya nta ngumu kuanzia chini mpaka karibu na moto. Hauwezi kwenda popote. Wa glasi ni kinyume chake. Hapa kikombe ni glasi, na mtengenezaji anataka nta iyeyuke mpaka ukutani ili isibaki ikiganda pembeni. Siku za mwanzo nta ya chini bado ni ngumu na inaushika utambi. Mwishoni yote inakuwa kimiminika. Utambi unabaki kama mti uliopandwa ndani ya maji, na kitu pekee kinachouzuia kuelea ni kile kibati na chochote ulichokibandikia.

Mafundi bati wetu walilimaliza tatizo hili zamani kwenye kibatari. Utambi wa kibatari unashikwa juu, na kijibomba kilichochomelewa kwenye mfuniko. Mafuta yapungue yasipungue, moto unabaki pale pale. Mshumaa hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa moto wenyewe unashuka kufuata nta. Ndiyo maana utambi wake hauna budi kushikwa chini.

Kwa hiyo gundi ya kitako ina mitihani miwili, na watengenezaji wengi wa nyumbani wanaujua mmoja tu. Wa kwanza ni wakati wa kumimina. Nta ya moto inapogonga chini ya glasi, kibati kinaweza kung'oka na kuhama. Huo unauona kwa macho yako, unausahihisha. Wa pili ni saa ya mwisho ya maisha ya mshumaa, ambapo dimbwi la nta lina joto la kupita nyuzijoto 60 na moto uko sentimita moja au mbili tu juu ya gundi. Mtihani huo unafanyika nyumbani kwa mteja, wewe hupo.

Tulichokuwa tumefanya sisi ndicho wanachofanya wengi: kuchovya kibati kwenye nta ya moto na kukibandika kwenye glasi. Mtihani wa kwanza tuliupita, tena kwa ujanja. Nta yetu ya kujazia ilikuwa ya soya, ambayo aina zake za kumimina kwenye glasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 45 hadi 55 hivi, na tuliimimina ikiwa imeshapoa kiasi. Ya kubandikia ilikuwa nta ya nyuki, isiyoyeyuka mpaka nyuzijoto 62 hadi 64. Ngumu ikaishika laini, tukajiona mafundi. Usiku wa tano dimbwi lilipopata joto la kutosha, nta ya nyuki nayo ikayeyuka. Ukibandika nta kwa nta, umeahirisha tu.

Baada ya aibu ile tukajaribu supa gluu, kwa kuwa ipo kila kibanda. Inashika upesi, lakini ikikauka inakuwa ngumu, haina mnyumbuko. Bati na kioo vikipata joto hutanuka kila kimoja kwa kiasi chake, na gundi iliyokauka kama ukoko inabanduka. Tena kuna jambo ambalo fundi wa nyumbani anapaswa kulijua: tone la supa gluu likiangukia pamba hupata moto kwa ghafla, hata kufuka moshi unaochoma macho na kuunguza kidole. Utambi ni pamba. Tukaachana nayo.

Gundi ya moto, ile ya vijiti wanayoitumia wapambaji wa kumbi, ni hatua kubwa. Kuna bastola za joto la chini zinazoyeyusha kijiti kwenye nyuzijoto 120 hivi, na za joto la juu zinazofika karibu 190. Tafuta ya pili. Kosa la wengi ni kuibandika kwenye glasi baridi: gundi inaganda kabla ya kushikana na kioo, na ukiigusa siku ya pili inatoka nzima kama ganda la yai. Osha glasi kwa sabuni, ikaushe, ifute kwa spiriti kuondoa mafuta ya vidole, kisha iweke juani nusu saa. Jua la Dar es Salaam linatosha. Tia tone moja nene chini ya kibati, bandika mara moja, kandamiza.

Kukandamiza nako kuna ufundi wake, maana mkono hauingii kwenye glasi nyembamba. Toa wino wa kalamu ya bei ndogo, upitishe utambi ndani ya mrija wake, sukuma kibati chini kwa mrija huo, uhesabu mpaka 30. Na ili kibati kiwe katikati kweli kweli, chora duara la kitako cha glasi kwenye karatasi, likate, likunje mara mbili upate msalaba, uliweke chini ya glasi na kuchungulia kwa juu. Wanaokadiria kwa jicho hukosea, na mimi ni wa kwanza.

Lakini ushindi wetu tuliupata dukani kwa vipuri vya magari. Mafundi wa injini wana silikoni ya kuzibia gasketi, nyekundu au ya kijivu, inayovumilia joto la kupita nyuzijoto 200 na ikikauka inabaki na mnyumbuko kama mpira. Harufu yake, katika aina nyingi, ni ya siki kabisa. Chumba kizima kitanuka kachumbari. Inataka saa 24 za kukauka kabla hujamimina kitu, na hapo ndipo wenye haraka wanapoharibu. Ila ikishakauka, kwa jinsi tulivyoijaribu, haikuachia hata mara moja. Gundi ya moto iliachia katika glasi chache, na mara zote zilikuwa zile ambazo hatukuzipasha joto.

Jaribio letu ni rahisi. Bandika kibati, acha kikauke, pasha glasi kwa maji ya vuguvugu, kisha ongeza ya moto taratibu mpaka ufikie moto wa chai unayoweza kuinywa kwa kupuliza. Iache robo saa, halafu vuta utambi kidogo. Kikitoka, umeokoa nta na jina lako. Si kipimo cha maabara, lakini kinatenganisha mbovu na nzima.

Sasa tuzungumze kibati chenyewe, maana hapa nimekutana na ubishi. Kibati kizuri kina shingo, kijibomba kifupi kinachosimama katikati na kubana utambi. Wengi huiona kama pambo, au huifupisha ili nta yote iishe na mteja asiseme amepunjwa. Shingo ndiyo bima. Nta inaposhuka chini ya mdomo wa shingo, utambi hauna tena pa kunyonyea, moto unakosa chakula na kufa wenyewe kabla haujafika kwenye kioo cha chini. Shingo ikiwa fupi, moto unafuata mpaka tone la mwisho, na kitako cha glasi kinapata joto lote. Kioo cha kawaida hakipendi joto la ghafla upande mmoja huku upande mwingine ukiwa baridi. Kinapasuka kwa sababu hiyo hiyo bilauri ya baridi hupasuka ukiitia chai iliyochemka. Chama cha watengenezaji mishumaa cha Marekani kinashauri mshumaa wa chombo usiwashwe tena ikibaki nta ya nusu inchi, yaani kama milimita 13. Kale kamabaki kwenye glasi si wizi.

Vibati vya kununua si rahisi kuvipata kila mtaa. Sisi tunavitoa kwenye vile vishumaa vidogo vya vikombe vya bati, vikishaisha. Shingo zake ni fupi, kwa hiyo tunamwambia mteja azime mapema zaidi. Ukipitisha utambi, bana shingo kwa plaizi mpaka usiteleze. Utambi unaochomoka kwenye kibati ni sawa na kibati kilichochomoka kwenye glasi.

Kuhusu utambi wenyewe, kusuka kwangu mabutu hakukuwa mchezo. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 tambi za Ulaya zilikuwa za kusokotwa tu, na ncha iliyoungua ilibaki imesimama ndani ya moto ikitoa moshi, hivyo kila baada ya muda mtu alipaswa kuikata kwa mikasi maalumu. Mwaka 1825 Mfaransa Jules de Cambacérès alileta utambi wa kusukwa. Utambi uliosukwa hujikunja kadiri unavyowaka, ncha yake ikatoka pembeni mwa moto penye hewa ya kutosha, ikateketea yenyewe. Mikasi ikaenda makumbusho. Ila katika dimbwi refu la glasi, kujikunja kukizidi ncha inazama, ndipo wenye viwanda wakaweka kiini kigumu ndani ya pamba ili isimame. Kwa miaka mingi baadhi yao walitumia waya wa risasi, madini yenye sumu ambayo mshumaa ukiwaka huenda hewani. Marekani ilizipiga marufuku tambi hizo mwaka 2003. Siku hizi kiini huwa cha karatasi, pamba au zinki. Ukikata utambi usiojua ulikotoka na kukuta waya laini wa kijivu ambao ukiusugua kwenye karatasi nyeupe unaacha mstari kama wa penseli, usiuwashe.

Kwa fundi wa nyumbani ugumu unapatikana bila waya. Chovya utambi kwenye nta ya moto mpaka mapovu yakome, yaani hewa imetoka, uunyooshe na kuuacha ugande. Unakuwa kama kijiti cha mshikaki. Ukishabandikwa chini, juu unabanwa na kibanio cha nguo kilicholazwa mdomoni mwa glasi, utambi ukipita katikati ya meno yake. Uvute kiasi cha kunyooka tu. Anayeuvuta kama kamba ya kisima anang'oa kitako alichokihangaikia tangu jana. Nta ikishaganda usiku kucha, kata utambi ubaki milimita 6.

Hapa kuna la kusema kuhusu nta zetu. Tabora na misitu yake ya miombo imekuwa ikitoa nta ya nyuki ya kuuza nje tangu enzi za Wajerumani, na kuna watu wa mjini wanaoagiza soya kutoka ng'ambo bila kujua kwamba nta inayosifiwa huko imetoka kwao. Katika joto la pwani nta ya nyuki ina heshima yake: soya iliyopakiwa kwenye buti la gari mchana wa Januari inatoa jasho, hata kulegea, ya nyuki haitingishiki. Lakini ni nzito kupanda, inataka utambi mnene zaidi. Ikipoa inasinyaa na kujitenga na glasi, na ukiimimina ya moto sana inaweza kupata ufa katikati unaouvuta utambi upande mmoja. Mimina kwa awamu: kwanza sentimita moja ya chini, iache igande, halafu iliyobaki. Na kwa kuwa lazima uimimine ikiwa kwenye nyuzijoto 70 na ushee, gundi ya moto ya bastola dhaifu haifai. Nta ya nyuki na silikoni ya gasketi ndiyo ndoa ninayoipendekeza, hata kama inasikika kama kazi ya mafundi magari wa Gerezani.

Harufu sitaizungumzia sana. Aliyekulia kwenye nyumba yenye chetezo na udi hahitaji mshumaa wa vanila kumfundisha kunukiza sebule. Nitasema tu kwamba mafuta ya harufu yakizidi huziba utambi, na yakidondokea kitako cha glasi kabla ya gundi, hakuna kitakachoshika.

Yapo mengine ambayo mteja anapaswa kuambiwa. Njiti ya kiberiti iliyoachwa ndani ya nta inageuka utambi wa pili, na mioto inakuwa miwili. Nta ikiwaka usimwagie maji, maana maji yanageuka mvuke papo hapo na kurusha nta ya moto usoni. Funika kwa kifuniko au sahani ya bati. Usiuache ukiwaka zaidi ya saa nne mfululizo. Na mtengenezaji, katika kila mkupuo, awashe mmoja wake mwenyewe mpaka mwisho kabisa, akiwa amekaa mbele yake. Sisi hatukufanya hivyo. Tulijaribu saa moja, tukauona moto umesimama, tukafunga utepe.

Siku ya pili baada ya glasi yangu kupasuka, mdogo wangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la sendofu ile, akieleza kosa lake bila kuzunguka. Wageni 22 walijibu. Wengine hawakuwa na habari na mshumaa waliuweka wapi. Kama ulikuwa kwenye sendofu hiyo, na una glasi yenye mchaichai na utepe wa kijani mahali fulani kabatini, izime kabla nta haijafika vidole viwili na utuletee. Tutaing'oa, tutaiosha, tutaijaza upya bila malipo. Safari hii kwa silikoni.